Mhuri, Panchi na Ua la Kahawa

Vifaa viwili vikuu vya kazi ya kutengeneza kadi za maua vimetoka ofisini. Mhuri ni wa mtendaji wa kijiji, wa mwalimu mkuu, wa katibu wa usharika. Barua isiyo nao hurudishwa dirishani hata mwandiko wake uwe mzuri namna gani. Panchi ni ya karani, ya kutoboa karatasi matundu mawili ili ziingie kwenye faili na kulala kabatini. Kimoja huidhinisha, kingine huhifadhi, na vyote viwili hutuzoeza tangu utotoni kuiogopa karatasi. Mtu anayeketi mezani kwake hapa Moshi, akavitwaa na kutengeneza ua la kumpelekea mgonjwa, au mtoto aliyepata kipaimara, au dada aliyejifungua, ameitoa karatasi mikononi mwa amri na kuirudisha kwa watu wanaojuliana hali. Mimi hutengeneza kadi za namna hiyo, na nataka kueleza kwa nini naiona kazi hii kuwa ya hapa kwetu, ingawa sura yake inadhaniwa kuwa ya mahali pengine.

Nianze na kile kinachotupwa. Panchi ya kawaida, inayopatikana katika kila steshenari, hutoboa matundu yenye upana wa milimita 6, yaliyoachana milimita 80. Ni kipimo kilichokubaliwa kimataifa, ndiyo maana faili lililonunuliwa Moshi hupokea bila shida karatasi iliyotobolewa Nairobi. Vidoti vinavyodondoka, vikajaa kwenye kifuniko na kumwagwa jalalani, ndizo petali zangu. Weka kidoti kimoja cha njano katikati. Vidoti vingine vya ukubwa uleule vitakizunguka sita barabara, kila kimoja kikigusa jirani zake wawili na kile cha kati, pasipo mwanya na pasipo kimoja kukipanda kingine. Ndivyo duara zilivyo, na nyuki walilijua hilo kabla yetu. Ukiondoa kimoja na kuvitawanya vitano vilivyobaki, mwanya mdogo hujitokeza kati ya petali na petali, na hapo ndipo vidoti vinapoacha kuwa hesabu na kuwa ua.

Mhuri nao hauhitaji fundi. Mafundi wa mihuri ya mpira wapo mjini, lakini kwa kadi jikoni kunatosha. Bamia ikikatwa kwa upana huonyesha nyota yenye vyumba vya mbegu, mara nyingi vitano. Ichovye kwenye rangi ya maji, ibonyeze kwenye manila, utapata ua ambalo hakuna aliyelichora. Kiazi mviringo hukatwa nusu na kuchongwa kwa wembe mpaka petali zibaki zimeinuka. Bua la jani la mgomba lina umbo la hilali, na ndani yake vyumba vya hewa vimejipanga safu kwa safu. Ukilichapa mara tano kuzunguka nukta moja unapata ua kubwa lenye mishipa, ambalo kila petali inatofautiana kidogo na iliyotangulia, kwa sababu bua linaendelea kutoa maji chini ya mkono wako. Na anayeujua mgomba anaujua utomvu wake: ukigusa shati jeupe, baka la kahawia halitoki tena. Kwa mfuaji hiyo ni adha, kwa mtengeneza kadi ni neema, kwa kuwa chapa iliyopauka leo hukolea yenyewe bila rangi ya dukani.

Kuliinua ua ndiko kunakokula muda. Petali zikibandikwa bapa zinabaki kuwa picha. Ili zisimame, kila moja hulazwa kiganjani na kubonyezwa kwa mgongo wa kijiko mpaka ipate bonde, kisha hubandikwa kwa tone la gundi katikati tu, kingo zikiachwa huru. Tabaka la kwanza likauke ndipo la pili lipande, petali zake zikikaa juu ya mianya ya zile za chini. Katikati huwekwa ushanga, au punje chache za ulezi, uleule unaotiwa kwenye pombe ya mbege. Mwezi Julai, ukungu unapokaa mlimani hadi saa sita mchana, gundi ya unga hukawia, manila hunywa unyevu na kujikunja pembeni, na hakuna namna ya kuiharakisha. Unaweka kitabu kizito juu yake, unaondoka, unarudi kesho. Kadi moja ya Julai inaweza kuchukua siku ambazo ua lenyewe, shambani, lisingeishi.

Zipo panchi nyingine, zinazokata ua zima kwa mbano mmoja. Anayeitaka huiagiza Dar es Salaam au humwomba ndugu aliye nje. Sizidharau; zinakata vizuri na watoto huzipenda. Shida yangu nazo ni kwamba mtu wa kiwandani ameshaamua ua ni kitu gani. Ameamua kwamba lina petali tano za mviringo zilizolingana, na kwamba linaota kwenye bustani za nchi zenye baridi kali. Kadi baada ya kadi hutoka na bustani hiyo, nasi tunaandika ndani yake Krismasi Njema katika mwezi ambao migomba iko kijani, embe zinaiva tambarare na koti huvaliwa alfajiri tu.

Jibu liko kihambani, kwenye shamba la nyumbani. Mvua za kwanza zikinyesha baada ya kiangazi, mibuni hutoa maua kwa pamoja, shamba zima kwa wakati mmoja. Ni meupe, yenye petali tano nyembamba zilizochongoka. Yamesongamana kwenye kila pingili ambapo majani mawili hukutana, na harufu yake inakaribia asmini. Baada ya siku mbili tatu yamekwisha. Mtoto wa mlimani anayefanya kazi Dar es Salaam anaweza kuyakosa miaka na miaka, maana mvua haingoji likizo yake. Basi ileile panchi ya petali tano inaweza kumpelekea. Tumia karatasi nyeupe; bana kila petali kwa kucha mpaka ichongoke; songa maua manne matano mahali pamoja; weka majani mawili ya kijani kilichokolea yakitazamana. Hakuna Mchagga atakayeuliza ni ua gani.

Kahawa ilifika mlimani mwishoni mwa karne ya 19 kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki wa Kilema. Mwaka 1925 wakulima wenyewe walianzisha chama chao, KNPA, na mwaka 1933 kikaja chama cha ushirika, KNCU. Historia ya ushirika huo imeandikwa vya kutosha na wenye kuijua. Ninalolichukua mimi ni karo. Vizazi vya watoto wa mlimani vimesoma kwa fedha ya kahawa, kwa hiyo ninapotengeneza kadi ya hongera ya kijana aliyehitimu chuo, ua la mbuni linampongeza yeye na linampongeza babu aliyepogoa matawi yale. Waridi ni zuri, lakini habari hiyo haliwezi kuibeba.

Juu ya mashamba, mlima una maua yake mwenyewe yanayofanana na karatasi. Ukivuka msitu na kufika kwenye nyika ya juu, kule kituo cha Horombo kilipo, mita 3,720 kutoka usawa wa bahari, utakuta mimea ya jamii ya Helichrysum. Unachodhani ni petali ni vijani vikavu vinavyolizunguka ua; vikiguswa vinakwaruza, na ua likishakufa vinabaki vilevile na rangi yake. Aina moja imepewa jina la Charles New, mmisionari Mmethodisti aliyefika kwenye theluji ya Kilimanjaro mwaka 1871 na kukusanya mimea njiani. Mimea ya wataalamu hukandamizwa kati ya karatasi mpaka ikauke, kisha hubandikwa kwenye karatasi ngumu, jina na mahali vikiandikwa pembeni. Napenda kuwaza kwamba hizo ndizo kadi za kwanza zenye maua kutoka mlima huu, zilizosafiri bahari kwenda kwa watu waliokuwa hawajauona.

Leo kuchuma ua ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1973, hakuruhusiwi, na sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Kuna ua la msituni liitwalo Impatiens kilimanjari, jekundu lenye njano, na nyuma yake mrija uliojikunja unaotunza nekta tamu ya kuwavuta ndege na wadudu. Porini haliko mahali pengine popote duniani. Likitoweka hapa limetoweka. Karatasi inatupa njia ya kulitoa msituni na kumpelekea rafiki aliye Mwanza, lenyewe likibaki kwenye shina lake. Kulitengeneza ni kazi ya taratibu. Panchi haifai kabisa, mhuri unasaidia kwa majani tu. Mkasi mdogo ndio unaolijua, na ule mrija hupatikana kwa kuzungushia ukanda mwembamba wa karatasi kwenye kijiti cha kuchokolea meno, ukaachwa ujikunje.

Hata hivyo, mafundi wakubwa wa maua ya karatasi katika nchi yetu hawatengenezi kadi. Wanatengeneza mashada. Hili halina budi kusemwa na yeyote anayeandika kuhusu ua la karatasi Tanzania, kwa sababu wengi wetu tulikutana na ua hilo kwa mara ya kwanza makaburini. Anayetengeneza mashada hukunjua karatasi ya krepu, hukata ukanda, huuvuta ukingo kwa vidole gumba viwili mpaka upate wimbi, huuzungusha, huufunga kwa waya au uzi, na waridi limekamilika kabla hujamaliza kumsalimia. Hafanyi hesabu wala haangalii mfano. Msiba hausubiri, na huenda mwili uko njiani unaletwa kutoka mbali, maana Wachagga huzika nyumbani, kihambani, kati ya migomba. Ua lake linatakiwa kuwa tayari kabla ya saa nane mchana.

Halafu huja ile sehemu ya mazishi inayonigusa kuliko mahubiri. Mwongozaji huita: watoto wa marehemu, waweke shada lao, wajukuu, wakwe, majirani, wafanyakazi wenzake, jumuiya. Kila kundi husogea na ua lake la karatasi, huinama, hurudi. Hapo ukoo mzima unajitaja kwa maua. Baada ya wiki chache mvua hushuka, rangi ya krepu huchuruzika juu ya saruji na kuacha michirizi ya waridi na zambarau, na hakuna anayekimbilia kuifuta.

Kwa hiyo anayetengeneza kadi hapa anafanya kazi karibu na kaburi, apende asipende. Sipeleki maua meupe na ya zambarau kwa mgonjwa aliyelazwa hospitali ya KCMC. Mpokeaji atayatazama na kukumbuka jambo ambalo sikulikusudia. Kwa wagonjwa natumia njano na rangi ya chungwa, na chapa ya mgomba ya kahawia. Kwa aliyefiwa, kinyume chake: natumia krepu ileile ya mashada, ua moja tu, dogo, ili ajue kwamba nami nilikuwepo au nilitaka kuwepo. Hakuna kitabu cha ufundi kitakachokufundisha hayo. Unayajifunza kwa kwenda misibani.

Na nafikiri mlima huu uliielewa kadi tangu zamani, kabla ya karatasi. Kila mwenye asili ya huku anaujua mmea wa isale. Ndio unaopandwa mpakani mwa vihamba, ndio unaoonyesha kaburi lilipo, na jani lake ndilo linalopelekwa mtu anapoomba msamaha. Aliyekosa huchukua jani, hulifunga fundo, humwomba mzee anayeheshimika alipeleke kwa aliyekosewa. Hakuna neno lililoandikwa juu yake. Kulikataa ni jambo zito mno; mwenye hasira, alipokee kwanza, mazungumzo yafuate.

Uzito wa jani hilo unatoka wapi? Halinunuliwi, linaota kila mpaka. Angelitaka, mkosaji angechuma majani mia. Uzito unatoka kwenye kile kilichotendwa kabla halijafika: mtu ameshuka kutoka kwenye kiburi chake na kwenda kugonga mlango wa mzee, mzee ametembea, pengine kwa kupanda mteremko mkali, majirani wamemwona akipita nalo mkononi na wameelewa. Jani linafika likiwa limeshagharimu. Salamu nyingine zote nazipima kwa hilo. Na ndiyo sababu, ingawa isale ni jani zuri, refu, rahisi kukatwa kwenye karatasi ya kijani, siliweki kwenye kadi ya kuuzwa dukani. Atakayelinunua asiyejua atampa mtu anayejua, na yule atabaki akijiuliza ni kosa gani ameombwa alisamehe.

Historia ya kadi ya Krismasi iliyochapwa inaingia hapa kwa upande mwingine kabisa. Mwaka 1843 huko London, bwana mmoja aitwaye Henry Cole alikuwa na marafiki wengi na barua nyingi za kujibu. Alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha moja, ikachapwa nakala zipatazo 1,000, zikauzwa shilingi moja ya Kiingereza kila moja. Jina la mpokeaji lilijazwa juu, la mtumaji chini. Ilikuwa akili ya mtu mwenye shughuli. Kadi ya kuchapwa, basi, ilizaliwa kwa kukosa muda, na kila iliyofuata imerithi kitu cha kuzaliwa huko, hadi kwenye picha ya mshumaa na kengele inayotumwa leo kwa simu, kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine, ikiwa imeshapita kwa watu elfu bila mmoja wao kuitengeneza.

Sisemi kwamba picha ile ni ya uongo. Mama aliye Rombo na mwanawe aliye Muscat wanasikiana sauti kila siku kwa simu hiyohiyo, na hakuna barua iliyowahi kuwapa watu hilo. Ninachosema ni kwamba picha iliyopitishwa haina alama ya mkono wa yeyote, na moyo wa mpokeaji unalitambua hilo hata kabla hajalifikiria. Anaijibu kwa picha nyingine. Deni limelipwa, hakuna kilichosalia.

Tulishakuwa na njia zetu za kati. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na kipindi cha Ugua Pole, salamu za wagonjwa zikisomwa jina kwa jina, wodi kwa wodi, na nchi nzima ikasikia kwamba fulani aliye hospitalini Moshi anapewa pole na wajomba zake wa Tabora. Msomaji hakuwajua. Lakini mtu alikuwa ameketi, akaandika, akanunua stempu, akaenda posta. Na Desemba, kadi zilipofika, zilifika kwenye S.L.P. ya shule au ya kanisa, maana nyumba zetu hazikuwa na anwani za tarishi. Majina yakasomwa nje ya kanisa baada ya ibada, na mtoto akatumwa mbele kuchukua. Nyumbani zilitundikwa kwenye uzi kutoka ukuta hadi ukuta, juu ya makochi yenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, na huko zilikaa hadi Pasaka na baada yake. Mgeni aliyeingia alizisoma akisubiri chai. Alijua nani anaikumbuka nyumba hii.



Kadi za mkono zinazoonekana zaidi Moshi sasa ni zile za magamba ya mgomba. Magamba makavu huambuliwa kwenye shina, hufutwa vumbi, hunyooshwa kwa uzito au kwa pasi, kisha hukatwa na kubandikwa. Yana rangi zote za udongo, kuanzia njano ya nyasi kavu hadi weusi wa kahawa iliyokaangwa, na fundi mzuri hachori kabisa. Anatafuta gamba ambalo doa lake tayari ni kivuli cha mlima. Huuzwa kwa watalii wanaosubiri kupanda au waliokwisha kushuka. Iringa, katika kituo cha Neema Crafts kilichoanzishwa mwaka 2003, vijana viziwi walianza kwa kutengeneza karatasi yenyewe, tena kutokana na kinyesi cha tembo. Tembo hamalizi kusaga anachokula, hivyo nyuzi za nyasi na magome hubaki. Huoshwa, huchemshwa, hupondwa, huchujwa kwenye wavu wa fremu na kuanikwa. Karatasi hiyo ina mabonde na vijiti, haikubali haraka, na ua likibandikwa juu yake linaonekana limeota hapo.

Kazi hizi zinalisha watu na zinastahili heshima yote. Lakini kuna jambo linaniumiza ninapopita kwenye meza hizo: karibu kila kadi inaondoka. Inakwenda Ujerumani, Marekani, Uholanzi, kumsalimia mtu ambaye fundi hatamjua, kwa lugha ambayo si yake. Fundi huyohuyo, bintiye akijifungua, hununua dukani kadi iliyochapwa ng'ambo, yenye mtoto wa nchi nyingine na maneno ambayo mjukuu atakuja kuyasoma akiwa darasa la tatu bila kuyaelewa, au hanunui kabisa. Magamba yako nyuma ya nyumba. Vidole vinajua. Kilichokosekana ni mazoea ya kuona kwamba sisi nasi tunastahili kutengenezewa. Ningependa kuona shada la kahawa kwenye kadi za kipaimara na komunyo ya kwanza, chapa ya bamia kwenye kadi za watoto wa shule ya Jumapili, maneno ya kwetu juu yake: Hongera, Pole, Aika, yaani asante. Ningependa walimu wawape watoto sanduku la vidoti vya panchi kutoka ofisi ya shule yao na kuwaachia saa moja.

Ndani ya kadi siandiki chochote. Wanunuzi wengine hulalamika, wanataka shairi. Nawaomba waiache nafasi hiyo hata kama inawatisha, kwa sababu mikono yangu imeshafanya nje na ndani inangoja yao. Sentensi mbili zinatosha. Wanaojua barua za zamani wataorodhesha majina: nisalimie baba, nisalimie shangazi, mwambie mama mdogo yule ng'ombe amezaa. Na bibi asiyeandika ana njia yake, ambayo ofisi zilimzoesha: dole gumba. Alilitia kwenye wino alipopokea pensheni ya marehemu mumewe, alilitia kwenye hati ya shamba. Mwekee rangi nyekundu badala ya wino wa buluu, abonyeze mara tano kuzunguka nukta moja, na mjukuu aliye Dodoma atapokea ua ambalo kila petali yake ina mistari isiyo ya mtu mwingine yeyote.

Kuna tatizo moja la kiufundi sijalitaja. Kadi yenye maua yaliyoinuka haiingii vizuri kwenye bahasha. Ikilazimishwa, petali hulala, ushanga huacha alama upande wa pili, na huko posta mhuri ukiangukia pabaya unaliponda ua zima. Nimeona watu wakiziwekea visanduku vya maboksi ya dawa ya meno, nimeona wakizifunga kati ya vipande viwili vya kadibodi. Njia inayofaa zaidi ni kumtafuta mtu anayesafiri. Desemba hawakosekani, mabasi ya kutoka Dar es Salaam hupanda yamejaa na Januari hushuka yamejaa, na daima kuna mwanakwaya, mwanafunzi au mke wa jirani anayekwenda huko huko na yuko tayari kuishika mapajani safari nzima. Akifika hawezi kuitupa mlangoni na kuondoka. Ataambiwa aketi, atapewa chai, ataulizwa kama kahawa imechanua, kama yule mzee wa njia panda bado anatembea, nani ameolewa, mvua zimeanza lini, na kwa nini waliomtuma hawakuja wenyewe.